Fleti iliyokarabatiwa katika Lisbon ya kale: soma ukuta kabla ya kukipenda kitanda

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimerejea kutoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako shughuli za kazi zilinikalisha majuma matano kuanzia mwanzoni mwa Februari. Kwa muda huo niliishi katika fleti mbili za kupanga kwa siku chache, zote zikiwa Baixa, yaani sehemu ya bondeni iliyojengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755. Matangazo ya fleti zote mbili yalisema jambo moja: jengo la kihistoria, ukarabati kamili. Ya kwanza ilinionyesha kwamba ukarabati unaweza kuwa ni kulitoa jengo matumbo na kuiacha ngozi yake. Ya pili ilinionyesha kwamba inawezekana kuishi kwa raha ndani ya nyumba ya karne ya 18 bila kuivunja. Naandika kwa sababu naamini mgeni anaweza kuzitofautisha nyumba hizi mbili kwa macho, kwa pua na kwa kiganja cha mkono, na kwamba anapaswa kufanya hivyo, kwa kuwa ni fedha yake inayolipia ama hii ama ile.

Kwanza nieleze kilichomo ndani ya kuta, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Tetemeko la 1755 lilifuatwa na mawimbi ya bahari yaliyopanda mto Tagus, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa, na bonde lote likageuka kifusi. Waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, alisimamia ujenzi mpya uliochorwa na wahandisi Manuel da Maia, Eugénio dos Santos na Carlos Mardel. Mitaa yao iliyonyooka kutoka uwanja wa Rossio hadi ule wa mtoni, Praça do Comércio, huonwa na kila anayepita. Mingine iligawiwa mafundi na wafanyabiashara, ndiyo maana mpaka leo kuna mtaa wa dhahabu, wa fedha, wa washona viatu na wa wauza nguo.

Kazi yao kubwa zaidi, hata hivyo, haionekani. Wareno huiita gaiola, neno ambalo maana yake ni tundu la ndege. Sakafu ya chini ni ya mawe na matao, lakini kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu kuta za ndani zina kiunzi cha mbao: miimo iliyosimama, mbao zilizolala, na katikati yake mbao mbili zinazokatana mfano wa herufi X. Nafasi zinazobaki hujazwa mawe madogo au vipande vya matofali kwa chokaa, kisha ukuta wote hupigwa lipu, hata mtu akaishi humo maisha yake yote bila kujua amelala kando ya nini. Ardhi ikitikisika, jiwe peke yake hupasuka; mbao hupinda, hurudi, na huushika ule ukuta mzito wa mbele usimwagike barabarani. Inasimuliwa kwamba kielelezo cha kiunzi hicho kilisimamishwa uwanjani, na askari wakaamriwa kukizunguka kwa gwaride ili mtikisiko wa miguu yao ukijaribu. Sisi tunaolala humo leo tunalala ndani ya mojawapo ya majaribio ya mwanzo kabisa ya kujenga mji mzima kwa kulifikiria tetemeko lijalo.

Sasa fleti ya kwanza. Mlango ulifunguka kwenye ukumbi mmoja mpana usio na ukuta wa kati, jiko likiwa upande huu na kitanda upande ule, nyuma ya kioo. Kwenye kona kipande cha gaiola chenye upana wa kabati kilikuwa kimeachwa wazi, kikapakwa vanishi na kumulikwa kwa taa ndogo. Usiku wa kwanza nilikitazama kwa furaha, nikaona nimepata nilichokitafuta. Siku ya nne niliteremka ghorofa moja kumpelekea jirani barua iliyoletwa kwangu kwa makosa. Ni bibi mpangaji wa miaka mingi, na aliponikaribisha ndani niliona nyumba yenye eneo lilelile la sakafu ikiwa na vyumba vitano vidogo vinavyofuatana. Hapo ndipo nilipoelewa: vile vitano vya kwake na ule ukumbi mmoja wa kwangu vilikuwa, zamani, ramani moja. Kile kipande chenye taa hakikuwa pambo. Kilikuwa kisiki.

Bibi yule alinionyesha pia milango yake miwili iliyoanza kugoma kufungika tangu ukarabati wa juu ufanyike, na kabari za mbao alizozichomeka chini yake. Sikuwa na la kumwambia. Nilipanda ngazi kurudi kwangu, na siku zilizobaki sikuweza tena kuufurahia upana wa ukumbi ule.

Fleti ya pili, mitaa mitatu mbele, ilikuwa na vyumba vinne vyembamba, milango mifupi, na sakafu ya mbao pana iliyolia kila nilipokwenda jikoni usiku. Mvua ilinyesha takribani juma zima, wala ndani hapakuwa na harufu ya uvundo. Ukuta ulikuwa wa chokaa, na ukiuwekea kiganja haukuwa na ule ubaridi wa majimaji nilioujua katika nyumba ya kwanza. Madirisha yalikuwa ya mbao, yenye vibao vya kufungia kwa ndani, na kioo cha pili kilichoongezwa nyuma yake kwa ajili ya kelele na baridi. Bafu lilikuwa jipya kabisa, likiwa limejengwa kama kasha ndani ya chumba, halikugusa dari ya zamani, na siku yoyote linaweza kuondolewa bila jengo kujua kwamba liliwahi kuwepo. Nadhani hilo bafu ndilo lililonishawishi kuliko yote.

Ninayoyapendekeza ni haya. Kabla ya kulipia, hesabu vyumba katika picha na ulinganishe na madirisha ya mbele, maana nyumba za Baixa zilikuwa na vyumba vingi vidogo. Ukumbi mmoja unaoanzia mtaani hadi uani ni dalili ya kwamba kuna ukuta uliokatwa. Ukiwa ndani, tazama kama ile X inaendelea mpaka kwenye dari na kwenye sakafu, au imekatwa na kuelea. Nusa nyuma ya kabati. Na uyatazame marumaru ya ngazi, yaani vile vigae vya rangi ya samawati na nyeupe ambavyo Wareno huviita azulejo: kama vya ghorofa ya kwanza ni vya zamani, vimechakaa na vimezibwa kwa uangalifu, huku vya ghorofa yako vyote viking'aa, uliza vile vya asili viko wapi.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliokaa katika miji ya kale, na hasa kutoka kwa watu wa ujenzi.

Mwashi wa Zamani

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Nimefanya kazi ya uashi na baadaye usimamizi wa ujenzi kwa miaka 34, na miaka saba kati ya hiyo niliitumia Ureno kwenye majengo ya aina hiyo hiyo. Uliyoyasema kuhusu gaiola ni sahihi. Nina marekebisho mawili na nyongeza moja.

La kwanza ni juu ya milango ya bibi. Mlango unaogoma kufungika hauthibitishi kwamba ukuta wa juu umekatwa. Majengo ya Baixa yalianza yakiwa na ghorofa tatu juu ya ile ya chini, pamoja na vyumba vya darini, na katika karne ya 19 na ya 20 mengi yaliongezewa ghorofa nyingine juu. Uzito huo umekuwa ukiikandamiza mbao kwa zaidi ya miaka mia. Pia kuna suala la chini. Udongo wa bonde lile ni tope la mto, na misingi imekaa juu ya magogo ya msonobari yaliyopigwa ardhini. Magogo hayo hudumu maadamu yamezama majini. Maji ya ardhini yakishuka, vichwa vyake hupata hewa na kuoza, na jengo hukaa upande. Ukitaka kuyaona kwa macho, nenda mtaa wa Correeiros, ambako chini ya jengo la benki kuna makumbusho ya akiolojia yanayoyaonyesha, pamoja na mabaki ya Kirumi yaliyo chini zaidi. Kwa hiyo bibi anaweza kuwa anaumizwa na juu, au na chini, au na vyote viwili. Anayeweza kusema ni mhandisi aliyefungua sakafu.

La pili ni kwamba sakafu inayolia si kasoro, na sakafu iliyoinama kidogo si lazima iwe hatari. Hatari iko mahali mbao inapoingia ukutani. Ncha ya boriti iliyofunikwa kwa jiwe hukaa salama kama ukuta unapumua. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yaliyomo hayapati pa kutokea, hurudi kwenye ncha ile, na ukungu pamoja na bungua humaliza kazi kimyakimya. Nimewahi kufungua ukuta uliokuwa mzuri kama wa hoteli, nikaingiza bisibisi kwenye ncha ya boriti kwa kidole kimoja, ikazama mpaka kwenye mpini. Saruji ni kitu kizuri mahali pake. Juu ya jiwe la zamani lililojengwa kwa chokaa inaleta msiba wa polepole, na anayelipia msiba huo ni mjukuu wa mwenye nyumba.

Nyongeza yangu ni ya kisheria, kwa sababu watu wengi humlaumu fundi peke yake. Mwaka 2014 Ureno ilitoa amri ya muda iliyolegeza masharti ya ukarabati wa majengo ya zamani ya makazi, kwa nia ya kupunguza gharama na kuuamsha mji uliokuwa umelala. Wahandisi wa matetemeko walilalamika kwa sauti kubwa kwamba jengo linaweza kupata marumaru mapya, jiko jipya na bei mpya bila mtu kulazimika kuuliza kama litasimama. Utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 2019, na sasa zipo aina za ukarabati ambazo zinadai kwanza tathmini ya jinsi jengo litakavyohimili tetemeko. Basi swali moja ambalo mgeni anaweza kuuliza bila kumvunjia mtu heshima ni hili: kazi hii ilifanyika mwaka gani?

Bint Baharia

Shikamoo mzee, na asante kwa somo hilo. Kaka mleta uzi, mimi nilikaa Alfama, si Baixa, na nataka nieleze kwa nini mizani yako haiwezi kutumika kila mahali.

Alfama iko kwenye mteremko chini ya ngome ya São Jorge. Jina lake ni la Kiarabu, kutokana na chemchemi za maji ya moto. Sisi tunaotamka hamamu tunaweza kulisikia neno hilo likiwa bado hai ndani yake. Mtaa huu uliumia kidogo kuliko bonde mwaka 1755, kwa hiyo haukuchorwa upya, na nyumba zake nyingi hazina gaiola kamili unayoieleza. Ni nyumba ndogo zilizoongezwa, zikabanwa, zikakatwa na kuunganishwa kwa karne kadhaa, kila kizazi na kiraka chake. Huko kuhesabu vyumba hakukuambii kitu. Nilikaa kwenye fleti ya vyumba viwili ambayo ngazi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba kitanda kilipandishwa vipandevipande na kuungwa ndani.

Kilichonikaa moyoni huko ni sauti. Dirisha langu na la jirani wa mbele vilikuwa karibu hata nilijua anapotafuta kijiko. Usiku, kila mgeni aliyefika na sanduku la magurudumu aliliburuta juu ya mawe ya barabara, ngazi kwa ngazi, na sauti ile ilipanda kwenye kuta zote mbili za uchochoro kama mtu anayegonga mlango wa kila nyumba. Mimi mwenyewe nilifika saa saba usiku na sanduku la namna hiyo. Asubuhi mama mmoja alikuwa akifagia mlangoni pake, nikamwamkia, akanijibu kwa upole, lakini nilijua kwamba nimemwamsha. Toka siku hiyo nalibeba sanduku mkononi.

Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo uzi huu haujaligusa. Tunasema jengo limehifadhiwa, lakini jengo ni nani? Mwaka 2018 manispaa ya Lisbon ilisimamisha usajili mpya wa nyumba za wageni katika Alfama, Mouraria, Castelo, Bairro Alto na Madragoa kwa sababu wakazi walikuwa wanapungua na vitanda vya wageni vinaongezeka. Mtaa ambao watu wake wameondoka, hata kama kila boriti imebaki mahali pake, umepotea. Mimi nilipenda kukaa pale, wala siwezi kudai kwamba sikupenda. Lakini nilihesabu katika uchochoro wangu vibao vyenye herufi AL, ambavyo ni alama ya nyumba za wageni zilizosajiliwa, nikafika tisa kabla sijafika mwisho wa ngazi.

Dirisha la Magharibi

Dada Bint Baharia, nakuheshimu, lakini naomba tusisahau hali ilivyokuwa kabla. Nilifika Lisbon mara ya kwanza mwaka 2003, na nyumba nyingi za Baixa zilikuwa na madirisha yaliyozibwa kwa matofali, paa zimetoboka, njiwa wanaishi ghorofa za juu. Kodi za nyumba zilikuwa zimegandishwa kwa miongo mingi ya karne ya 20. Mpangaji alilipa kiasi kisichotosha hata kubadilisha vigae vya paa, na mwenye nyumba aliacha jengo lijifie. Sheria mpya ya upangaji ilikuja mwaka 2012, utaratibu wa nyumba za wageni ukafuata mwaka 2014, na ndani ya miaka michache mabomba ya majukwaa ya mafundi yakaenea mjini kote. Fedha ya mgeni ndiyo iliyorudisha paa.

Sisemi kwamba hakuna aliyeumia, kwa maana ile sheria ya 2012 iliwatoa wazee wengi kwenye nyumba walizozizoea. Nasema kwamba tukiitaka nyumba ya zamani isimame, lazima kuwe na mtu anayeilipia kila mwaka, na serikali peke yake haikuwahi kufanya hivyo.

Mleta uzi

Shikamoo mzee Mwashi. Nimeyapokea marekebisho yako, na lile la milango nalitengua: nilikuwa na haraka ya kumpata mkosaji. Nitakapopita tena nitaingia kwenye makumbusho ya mtaa wa Correeiros.

Ndugu Dirisha la Magharibi na dada Bint Baharia, nimewaza sana juu ya hoja zenu, na sioni kwamba mmoja anamfuta mwenzake. Kwamba fedha ya wageni ilirudisha paa, ni kweli, na nimelala chini ya mojawapo ya paa hizo. Lakini fedha hiyohiyo ilinunua ule ukumbi mpana, kwa sababu ukumbi mpana hupendeza katika picha na vyumba vitano vyembamba havipendezi. Mwenye nyumba hukata ukuta kwa ajili ya jicho letu sisi. Kama wapangaji wa siku tano tungekuwa tunachagua nyumba zenye vyumba vidogo na sakafu inayolia, nyumba hizo zingebaki. Ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba mgeni hana sehemu katika jambo hili.

Kuhusu wakazi, katika jengo la pili fleti mbili kati ya nane zilikuwa za wageni na zilizobaki zilikuwa na familia. Ngazi ilikuwa na viatu vya watoto, baiskeli, na tangazo la mkutano wa wamiliki. Nilipoteza maji siku moja kwa sababu ya bomba, na aliyenifundisha mahali pa kulifunga alikuwa kijana wa ghorofa ya pili. Katika jengo la kwanza, ukimtoa yule bibi, sikumwona mkazi hata mmoja kwa majuma mawili. Nyuma ya kila mlango kulikuwa na kisanduku cha kuhifadhia ufunguo.

Msomaji wa Ramani

Asanteni wote. Swali langu ni la kawaida, lakini kwangu ni zito. Natarajia kwenda Lisbon na mama yangu mwenye miaka 71, ambaye magoti yake yanamsumbua, na yeye ndiye anayetamani kulala kwenye nyumba ya zamani. Je, ni busara? Na kuhusu moto, nyumba yenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta si hatari zaidi?

Mwashi wa Zamani

Kuhusu moto, mwanangu, unauliza swali la haki. Tarehe 25 Agosti 1988 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Chiado, mtaa unaopakana na Baixa, na ujenzi wake upya aliusimamia msanifu Álvaro Siza Vieira, ambaye aliziacha sura za mbele zilivyokuwa na kupanga upya ndani. Mbao kavu za miaka mia mbili hushika moto upesi. Wajenzi wa karne ya 18 walilijua hilo, kwa sababu moto wa 1755 walikuwa wameuona kwa macho yao. Ndiyo maana kuta za mawe zinazotenganisha jengo na jengo zilipandishwa mpaka juu ya paa, ili moto wa nyumba moja usiruke kwenda nyingine. Ukisimama mahali pa juu, mathalani kwenye lifti ya Santa Justa, utaziona zimejitokeza kati ya vigae.

Ndani ya kiunzi kilichojazwa mawe na kufunikwa kwa chokaa, mbao imelindwa kwa kiasi. Hatari kubwa ni nyaya za umeme za zamani, mapengo chini ya sakafu yanayopitisha moshi, na ngazi ya mbao ambayo ndiyo njia pekee ya kutoka. Kwa hiyo usiitafute hatari katika ile X. Fungua kisanduku cha umeme uone kama ni kipya, hakikisha kuna king'amuzi cha moshi, na uitembee ngazi mara moja gizani kabla ya kulala.

Bint Baharia

Kuongezea hapo: sheria ya Ureno inaitaka kila nyumba ya wageni ya ukubwa huu iwe na kizimia moto, blanketi la kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, na namba ya dharura 112 ikiwa mahali inapoonekana. Inatakiwa pia kuwa na kitabu cha maelezo chenye kanuni za jengo, zikiwemo za kelele. Vitu hivi ndivyo ninavyovitafuta kabla ya kufungua sanduku langu, kwa sababu mwenye nyumba aliyevipuuza hivyo vidogo hawezi kuaminiwa kwenye vikubwa.

Kuhusu mama, mpe heshima ya kumwambia idadi ya ngazi mapema. Kwangu zilikuwa 61 ndani ya jengo, mbali na zile za uchochoroni. Matangazo husema "ghorofa ya tatu" kana kwamba ghorofa zote ni sawa, ilhali dari za zamani ni ndefu, na ghorofa tatu za zamani ni kama nne za sasa. Chukua ghorofa ya kwanza. Kelele ya mtaani itakuwa kubwa zaidi, lakini dari ya ghorofa ya kwanza mara nyingi ndiyo ndefu na nzuri kuliko zote, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya wenye uwezo, na mama atashuka kununua mkate mwenyewe.

Msomaji wa Ramani

Nashukuru sana, dada, na shikamoo mzee. Nitatafuta ghorofa ya kwanza. Mleta uzi, ombi moja la mwisho: unamwandikia nini mwenye fleti kabla ya kulipa? Sitaki nionekane kama mkaguzi.

Mleta uzi

Naandika sentensi chache tu. Namsalimu, namwambia kwamba napenda majengo ya aina hiyo, kisha namwuliza ukarabati ulifanyika mwaka gani, kama kuta za ndani za zamani zimebaki mahali pake, lipu ni ya chokaa au ya saruji, na fleti ngapi katika jengo zina wakazi wa kudumu. Baada ya uzi huu nimeongeza idadi ya ngazi.

Mwenye fleti ya kwanza, nilipomwuliza baada ya kuondoka, alinijibu kwamba kila kitu ni kipya na cha ubora wa juu. Mwenye fleti ya pili alichukua siku mbili kujibu. Kisha alinitumia picha tatu zilizopigwa wakati lipu ilipokuwa imebanduliwa: kiunzi kizima cha chumba nilicholala, X nne kutoka sakafuni hadi darini, na katika ile ya pili kutoka dirishani, mbao moja mpya nyeupe iliyounganishwa na ya zamani kwa kiungo cha kuchongwa, pale ambapo bungua walikuwa wamekula. Aliniandikia kwamba seremala alitumia siku tatu kwa kiungo hicho kimoja, na kwamba alisita kukifunika. Chumba chenyewe kilikuwa kile chenye kitanda. Kwa siku ishirini na moja kichwa changu kilikuwa kimeegemea hapo.

Mzee Mwashi, picha hizo nitaziomba ruhusa niziweke hapa, ili utuambie kama kiungo kile kilifanywa sawasawa.